Bwambale Ni wa Nani?

Siku Tefiro alipowavalisha watoto wa miaka mitano majoho meusi na kofia za pembe nne, akawapitisha barabarani Bwera na tarumbeta mbele kana kwamba ni maharusi, Mwalimu Medius alisimama kando ya lami na pakiti yake ya chumvi mkononi. Aliutazama msafara wote hadi mkia wake. Kisha akamwuliza mama aliyekuwa karibu naye: hawa wamefuzu nini, kupenga kamasi?

Medius ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake ungeweza kumenya ndizi mbichi bila kisu. Miaka kumi na miwili alikuwa amefundisha nasari ya shule ya serikali kule juu Kyondo, na miaka yote hiyo serikali yenyewe haikujua kama ina nasari. Madarasa ya shule yalianzia la kwanza. Hawa wadogo walikuwa watoto wa kambo. Walisomea katika stoo ya chama cha kahawa. Mavuno yakija, magunia yanaingia, watoto wanatoka. Mavuno yakiisha, watoto wanarudi, na jioni wanakwenda nyumbani wananukia kama birika la kahawa.

Tefiro yeye alikuwa na geti. Nasari yake, Taji Jipya, ilikuwa na geti jekundu, bembea moja na ripoti za karatasi nzito. Kila mtoto alitoka wa kwanza. Wazazi walizitundika ukutani ripoti hizo, wasijiulize watoto ishirini na sita wanawezaje kuwa wa kwanza wote, wa pili akawa nani, mbuzi? Medius aliwadharau wazazi hao kuliko alivyomdharau Tefiro. Tefiro, alisema, angalau anajua kwamba anadanganya.

Mwaka 2015 ulipoanza, mambo mawili yalifika kilimani katika juma moja. Chama cha kahawa kilisema kinaitaka stoo yake, na baada ya Pasaka watoto wasionekane tena humo. Halafu ikaja barua kutoka Kasese. Wilaya ilikuwa na chumba kimoja cha kuijengea nasari ya umma, cha matofali, mabati na choo. Kingepewa nasari iliyolea watoto waliofanya vizuri katika mtihani wa darasa la saba. Ofisa angekuja kulinganisha.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa aliyeishia darasa la tatu: chumba kikienda kwingine, nasari ya Kyondo imekufa.

Tefiro naye aliandika barua haraka haraka. Alisema Taji Jipya ni ya umma, maana umma hupita mbele yake kila siku ukienda sokoni.

Sasa, matokeo. Katika mtihani ule alama zikipungua ndiyo sifa. Anayepata nne amegusa mbingu. Na kwenye orodha ya upande ule wote aliyepata nne alikuwa mmoja tu: Bwambale J. Karani wa orodha aliishia hapo, akaona amefanya kazi. Mtu wa kabila jingine asingeona shida. Lakini kwa Wakonzo, Bwambale ni mtoto wa kiume wa pili, na hakuna nyumba yenye wavulana wawili isiyo na Bwambale wake. Simama katika soko la Mpondwe uite jina hilo, nusu ya soko itageuka, na nusu nyingine itakuuliza umemwona wapi. Hiyo J nayo ilikuwa mzigo mtupu. Yohana, Yosefu, Yeremia, wote kwa Kiingereza cha karani ni J.

Kabla ya juma kwisha, bango lilining'inia juu ya geti jekundu: BWAMBALE ALICHIPUA HAPA.

Ofisa aliyekuja aliitwa Magidu, kijana mpole mwenye pikipiki ya ofisi na fomu ndani ya bahasha ya plastiki. Asubuhi alipitia Taji Jipya, akaoneshwa bembea. Saa nne alikuwa Kyondo, na Tefiro nyuma yake, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha uongo wake utembee peke yake. Wazazi walikaa kwenye nyasi mbele ya stoo. Mwenyekiti wao, Eridadi, mkulima wa kahawa, alikuwa amevaa koti la harusi yake.

Tefiro alitoa picha ya mtoto aliyevaa joho, akasema huyu ndiye. Uso haukuonekana, kofia ilikuwa imeumeza. Medius alimwacha amalize. Alimwacha hata ajifute jasho.

“Bwana Tefiro,” akasema, “huyu mutoto amemaliza la saba mwaka jana. Nasari alikuwa miaka minane nyuma. Wewe wakati ule ulikuwa unauza nini?”

Wazazi waliinamisha vichwa kuficha meno. Kila mmoja alijua Tefiro alikuwa akiuza viatu vya mitumba pale stendi, na baadhi yao walinunua vya kushoto vitupu.

“Kiatu, nasari, yote ni kumusaidia mutu kutembea,” Tefiro alijibu, wala hakuona haya.

Magidu alicheka kidogo, akaikata Taji Jipya kwa mstari mmoja. Akageuza kalamu upande wa Medius. Kama si wa kule, basi Bwambale ni wa huku, sivyo? Aandike?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Eridadi alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. Akainama karibu na mwalimu.

“Sema ndiyo tu, Mwalimu. Ba-Bwambale ulifundisha hapa beko wangapi? Ukisema ulimufundisha Bwambale, utakuwa umedanganya wapi?”

Medius aliwatazama wazazi. Wote walikuwa wakiitikia kwa vichwa kumhimiza, wanawake wazima wenye rozari shingoni. Aliitazama stoo. Neno moja tu, na watoto wangepata mabati. Lakini aliliona lile bango la Bwera katika macho ya kila mmoja wao, na akajua kwamba akilitamka neno hilo hatakuwa tena na haki ya kumcheka Tefiro. Kwa Medius hiyo ilikuwa hasara kubwa.

“Si wangu,” alisema. “Ni wa Naswiba, yule aliyekuja kutoka Kasenyi na biashara ya samaki. Alimuleta mutoto akiwa na miaka saba, akaingia la kwanza. Nasari hakuiona hata kwa dirisha.”

Eridadi alimtazama kama mtu atazamavyo mbuzi aliyekula mbegu.

Magidu aligeuza fomu, akaigeuza tena. Alieleza kwa upole kwamba fomu haina mahali pa mtoto wa namna hiyo.

“Basi fomu haina akili,” Medius alisema. “Munalinganisha majina, afande. Watoto beko ndani. Ingia.”

Aliingia, kwa sababu hakuna aliyewahi kubaki nje akiambiwa na sauti ile. Vumbi la kahawa, mikeka, macho arobaini na kitu. Kwa kuwa jina lilikuwa bado limemkaa kichwani, aliuliza Bwambale ni nani. Wakasimama tisa.

Kule Taji Jipya asubuhi alikuwa amemwuliza mtoto mmoja aitwaye Bwambale kwamba ni wa nani, naye akajibu: wa Topu Klasi, yaani darasa lake. Akamwuliza sasa wa kwanza katika hawa tisa.

“Bwambale wa Ronah fundi cherehani. Nyumba iko chini ya kisima. Baba anaitwa Nobert.”

Wa pili akataja mama yake, mto na daraja. Wa tatu vivyo hivyo. Hili Medius alilifundisha kabla ya a, e, i, o, u. Siku za soko watoto hupotea Mpondwe, na mtoto anayejua kusema Bwambale tu anaweza kurudishwa katika nyumba mia, hata ng'ambo Kongo. Kabla ya wa nne kusema, msichana mmoja akasimama bila kuitwa, akamwuliza mgeni: na wewe ni wa nani?

“Wa ofisi ya elimu,” Magidu alisema.

“Hiyo si mama,” mtoto akamwambia.

Magidu akachuchumaa, akasema yeye ni Magidu wa Hamidah, nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, Kasese. Darasa likampigia makofi mawili, kama desturi yake.

Wale sita waliobaki walipomaliza kujitaja, akaiweka fomu juu ya gunia. Kwenye nafasi ya jina moja aliandika tisa, kila mmoja na mama yake, mpaka herufi zikapanda pembeni. Kwenye mstari wa pendekezo akaandika Kyondo. Alipotaka kutia sahihi, Medius aliichukua kalamu mkononi mwake, akasahihisha jina la Ronah lililokosewa, akamrudishia.

“Haya,” alisema. “Sasa weka sahihi, na uandike vizuri.”