Mrenda wa Shina Jekundu

Watu wengine wakihama hutanguliza kitanda. Sella alitanguliza udongo. Nilikuwa kwa cherehani yangu hapo langoni, kwa ploti yetu ya Gatina, nikaona mkokoteni unaingia umebeba magunia ya udongo mweusi na juu yake mboga zimesimama. Kitanda kilikuja safari ya pili, pamoja na sufuria.

Mimi naitwa Nduku, fundi wa nguo, na mdomo wangu haujawahi kujua likizo. Nikamwambia, "Karibu mama, lakini kwani hapa Kawangware hatuna mchanga?"

"Mko nao," akasema. "Lakini huu wa Soweto West umeshanizoea."

Nikampenda hapo hapo. Hadi leo nikipita nyuma, pale alipokuwa akilima, pua yangu bado hutafuta harufu ya kunde zilizonyeshewa. Ni ujinga, najua. Siku hizi pale ni simiti tupu.

Huko Soweto West, Kibera, Sella alikuwa akipanda mboga kwa magunia mlangoni pake, huku akifulia watu nguo huko Kilimani. Magoti yakakataa kazi ya kufua. Mtoto wake Boaz alikuwa tayari mtu mzima, anajitafutia Thika, na Sella hakutaka kumtegemea. Akaamua mboga ndiyo itakuwa kazi yake. Kanisani akasikia kwamba Shosho Wagaki, mwenye ploti yetu, ana mahali palipokuwa na zizi zamani, ng'ombe waliisha na mbolea ikabaki. Shosho akamwambia, "Lima. Mimi nataka tu managu yangu ya Jumapili."

Basi akalima. Sukuma wiki, kunde, managu. Lakini roho ya ile biashara ilikuwa mrenda, ile mboga ya Waluhya inayoteleza. Sukuma imejaa kila kona ya Kawangware, huwezi kujigamba nayo. Mrenda wa Sella ulikuwa na shina jekundu na jani pana, na mbegu yake aliitoa kwa mama yake huko Khwisero, ambaye naye alipewa na mama yake. Mama yake Sella alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ahamie kwetu. Watu wa magharibi wakitoka kanisani walikuja hata kutoka Riruta kuuliza kama uko.

Shida ni kwamba ile mbegu ilikuwa na kichwa ngumu. Alimwaga konzi nzima, ikatoka miche michache, imesimama mbalimbali kama watu waliokosana. Hiyo michache akakataa kuichuma. Shiundu, wa bodaboda, kila mara alisimamisha pikipiki langoni akaita, "Mama Boaz, leo mrenda uko?"

"Uko kwa mbegu," Sella alimjibu. "Hauko kwa sufuria."

Siku moja akaniambia akiwa amekaa kwa kigoda kando yangu, "Mama Wanza, nikiongeza hiyo mbegu, nitauza mpaka nichoke. Nikiipoteza, mimi ni muuza sukuma tu kama wengine. Na mama yangu nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Sasa nije kwa mume wangu, Muia. Muia ni fundi wa mjengo na hawezi kukaa bure. Ukimwachia Jumamosi, atarekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Yeye na Sella walikuwa wakitaniana tangu siku ya mkokoteni. Muia aliuita mrenda makamasi. Sella naye alisema muthokoi wetu Wakamba ni mahindi yaliyonyolewa kwa nguvu. Walicheka mpaka Shosho akatoka kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu, kabla mvua haijaanza, Sella akasafiri kwenda Khwisero kutafuta mbegu zaidi. Ule mrenda wake huku nyuma ulikuwa umerefuka na kukauka, vifuko vya mbegu vikining'inia, bado kidogo tu avune. Akamwambia Muia, "Baba Wanza, uniangalizie shamba."

"Usiwe na wasiwasi," Muia akasema. "Utalipata linang'ara."

Jumamosi hiyo mimi nilikuwa Riruta kumpima mteja. Niliporudi nikaona moshi nyuma ya nyumba, nikadhani Shosho anachoma takataka. Shamba lilikuwa safi kama meza ya kanisa. Sukuma zimepaliliwa, mifereji imenyooshwa. Muia amesimama katikati, anajipangusa jasho, amefurahi kabisa. Kwetu Kitui, mvua ikikaribia, mtu mwenye bidii hufyeka vichaka vyote na kuchoma. Na mrenda kwetu ni kitu kinachoota kando ya njia, unakanyaga ukipita.

"Yale magugu makavu ya huko mwisho," akaniambia, "nimeyamaliza yote."

Nikakaa chini. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, mengine nikayasema kwa Kikamba kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Alipoelewa amefanya nini, aliingia kwenye lile jivu kwa mikono, akachakura. Hakupata kitu.

Sella alirudi wiki hiyo hiyo, viatu vyake vikiwa bado na matope ya nyumbani. Hakuingia kwake kwanza. Alikaa kwa kigoda chake, begi mapajani.

"Ndugu yangu amepanda miwa mpaka ukuta wa jiko la mama," akasema. "Hakuna hata shina moja. Nimezunguka kwa majirani wote, siku hizi wanapanda ile ya duka, ya shina la kijani. Kwa hivyo imebaki hiyo yangu tu hapo nyuma. Nashukuru Mungu niliiacha na nyinyi."

Mguu wangu uliganda kwenye cherehani. Muia alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilidhani atatoroka aniachie mzigo, maana namjua. Hakutoroka. Alikuja akasimama mbele yake, akasema, "Mama Boaz, nimeichoma. Sikujua. Nimeichoma yote."

Sella angelia, ningejua la kufanya. Angemtukana, ningemsaidia, matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Alienda tu nyuma akaangalia lile jivu, akarudi, akachukua begi lake na kufunga mlango.

Baada ya hapo aliacha kuimba akiwa shambani. Baadaye akaacha hata shamba lenyewe. Sukuma zikaingia wadudu, wateja wakarudi mikono mitupu, na kunde zikakomaa bila wa kuzichuma. Nilimsikia akimwambia Shosho atafute mtu mwingine wa hiyo sehemu, yeye ataangalia kama kuna nyumba za kufua. Kwa yale magoti. Niliumia sana siku hiyo, nikakosea mshono wa gauni la watu.

Na Muia, kila asubuhi kabla ya kwenda mjengo, alipita huko nyuma kwanza. Sikumuuliza. Mvua ikaanza, ikanyesha vizuri, na yeye akaendelea kupita, amejifunika gunia la simiti kichwani.

Asubuhi moja akaniita. "Nduku, kuja. Polepole. Usikanyage."

Pale moto ulipokuwa, jivu lilikuwa limelowa na kuwa jeusi, na juu yake kijani kimejaa, kimesongamana mpaka udongo hauonekani. Muia alikuwa amepiga magoti kwa suruali yake ya kazi. Tayari alikuwa amezungushia mawe pande zote ili mtu asipite. Nikamwambia, wewe nawe, hayo ni magugu, utatumaliza. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Angalia mikia," akasema.

Chini ya kila jani kulikuwa na vinyuzi viwili vyembamba, kama ndevu za paka. Sella alikuwa ametuonyesha wakati fulani, kwamba ndivyo unavyoujua mrenda ungali mtoto. Mimi nilidhani Muia siku hiyo alikuwa anacheka tu. Kumbe alisikia.

Nilienda nikagonga mlango wa Sella mpaka akatoka na leso yake ya kulalia. Nikamleta pale kwenye mawe. Alikaa kwenye udongo mbichi, akashika shina moja kwa vidole viwili, akaligeuza. Lilikuwa jekundu.

"Mama alikuwa anachoma," akasema.

Muia akamgeukia.

"Kila mwaka, kabla ya mvua. Nyuma ya jiko, mabua ya mahindi. Anachoma, halafu anapanda mrenda hapo hapo, jivu likiwa bado moto. Mimi nilidhani anafukuza nyoka, kumbe anaamsha mbegu. Miaka yote hiyo, Mama Wanza, na sikuwahi kumuuliza."

Hapo ndipo alilia, na mimi nikalia naye, sioni aibu kusema. Muia akajifanya anapanga mawe ambayo yalikuwa yamepangika.

Msimu huo tuliona maajabu. Jumapili watu walipanga foleni kutoka lango letu mpaka kwa kinyozi. Shiundu alibeba mrenda kwa pikipiki akapelekea watu wa kwao Kibera, akarudi kuchukua mwingine. Sella alipika sufuria ya kwanza na kunde na munyu, ile chumvi ya majivu, akamwekea Muia sahani mbele yake na ugali, akasimama hapo kumwangalia. Muia alikula makamasi yake akaomba tena. Mimi pia nilikula, na msinitangaze Kitui.

Miaka ikaenda hivyo, mizuri. Halafu Shosho akazeeka, watoto wake wakajenga gorofa pale nyuma, na ni haki yao, ploti ni yao. Sella hakugombana na mtu. Ndugu yake alikuwa amekubali kung'oa miwa kidogo nyuma ya jiko la mama yao, basi akafunga mbegu zake kwa kopo na kuondoka. Safari hii udongo hakubeba. Gunia moja la Soweto West aliniachia, liko hapa kando ya cherehani mpaka leo, na kigoda chake pia.

Mwezi wa nne huu simu ililia. Ilikuwa ni yeye, na hakunitaka mimi, alimtaka Muia. Nikaiweka kwa sauti kubwa ili nisipitwe.

"Baba Wanza," akasema, "nimechoma nyuma ya jiko la mama. Pale pale. Na kuna kitu kimetoka."

Muia aliinama karibu na simu kama anayeongea na mtu aliyelala. "Usipalilie, Mama Boaz," akamwambia. "Kwanza angalia mikia."

Tulisikia kuku wa Khwisero, tukasikia anavyopumua akiinama kwa yale magoti yake.

"Iko," akasema.