Hakuna Mgonjwa Katika Ukoo Huu

Siku hiyo tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike, mjomba wetu, mama jirani aliyekuja kuazima kinu, na wageni wawili: mhudumu wa afya wa kijiji na daktari aliyetoka Masasi. Mdogo wetu wa kiume naye alikuwepo, lakini ndani, mlango umerudishiwa, na mjomba alikuwa ametuonya tusimtaje.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Huku Newala mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye kauli juu yetu alikuwa mjomba. Mimi niliacha shule darasa la sita nikashika jembe. Wadogo zangu niliwalea mimi, ila kauli haikuwa yangu.

Mdogo wetu wa kiume alianza kusikia sauti msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Alisema marehemu baba anamwita shambani. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Ukiitwa na marehemu huitiki. Unawaambia wakubwa, wanamwaga unga wa tambiko na kusema maneno, yanaisha. Mjomba alimwaga unga, hayakuisha. Sauti ziliongezeka, zikamwambia chakula changu kina sumu. Wageni walipofika alikuwa anaishi kwa maji tu, tena aliyoyateka mwenyewe, na nguo zilikuwa zinamvuka.

"Nazunguka vijijini," daktari alisema, "nauliza habari za ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Hauko sawa kila mahali duniani. Kuna miji wagonjwa ni wengi, na kuna nchi waliohamia kutoka mbali huugua kuliko wenyeji. Huku kila nyumba naambiwa hakuna. Sijui kama kweli hakuna, au nauliza vibaya."

"Hakuna," alisema mjomba. "Vichaa wa huku utawaona msimu wa malipo ya korosho, daktari, na hao hupona hela zikiisha."

Tulicheka, hata mimi, huku nasikia mdogo wangu ananong'ona nyuma ya mlango.

Daktari akauliza kama yupo anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii.

"Mimi," alisema mama jirani. "Marehemu mama aliniita nikiwa nachimba muhogo. Kwa jina kabisa."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kumwaga unga. Ulitaka niitike, nife?"

Mhudumu akatabasamu. "Ukihesabu hivyo, daktari, utaandika kata nzima ya Mkunya."

"Basi asiandike yeyote," alisema mjomba. "Ukoo ukishatajwa kichaa, nani atakuja kuoa?" Mdogo wangu wa kike akainama. Wenye posa yake walikuwa wameshatuma salamu.

Ndani sauti ikapanda. Mdogo wetu alikuwa anabishana na mtu. Hakuna aliyegeuka. Mjomba akaanza kuulizia barabara ya Masasi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wageni wakasimama kuaga. Nikaona wakishafika barabarani, tutamzika mdogo wetu kabla ya mavuno.

"Shikamoo, mjomba," nilisema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Naomba kusema."

"Huna la kusema, mpwa wangu."

"Ninalo. Huyu mama aliitwa mara moja, akarudi kuchimba muhogo wake. Mdogo wangu anaitwa kutwa nzima na anakatazwa kula. Daktari, yuko ndani."

Mjomba akachukua kofia yake akaondoka bila kuwaaga wageni.

Mdogo wetu alilazwa Masasi, akachomwa sindano, na sasa anachomwa kila mwezi. Anakula, mradi nionje kwanza. Sauti bado anazisikia, ila anasema zimehamia mbali. Daktari alipopita tena alinieleza kwamba nyumba kadhaa za kata yetu zilimwita zenyewe. Hesabu yake imepanda, na hakuna aliyeanza kuugua juzi.

Anayempinga mjomba mbele ya wageni hupeleka jogoo, akapiga magoti na kuomba radhi. Nimeshakwenda. Nabisha hodi, nasema shikamoo, naitikiwa marahaba kutoka ndani, na mlango haufunguliwi. Narudi na jogoo wangu. Mjomba asipompokea jogoo, hawezi kukaa na wenye posa ya mdogo wangu, na bila yeye hakuna wa kuipokea posa hiyo. Mdogo wangu wa kike hajanilaumu hata siku moja. Anatwanga, anapika, anampelekea kaka yake sahani, na mimi bado nadaiwa.