Mguu Niliouvuta Kwenye Mlima wa Busia

Hili sijamwambia mtu mwingine: leo nimeushika mguu wa mwanaume nisiyemjua, kando ya barabara, mchana kweupe.

Mimi, ambaye nikisalimiwa naangalia chini!

Alikuwa ananibeba kwa baiskeli yake ya boda boda. Nilikuwa nawahi basi la kwenda Nangina, nikahojiwe kwa ajili ya nafasi ya kusomea uuguzi. Kwenye mlima, shavu la mguu wake likakakamaa kama jiwe. Akasimamisha baiskeli, akaketi chini akilia, "Uwi! Dada, nakufa!"

Nikakumbuka somo la shule: misuli hufanya kazi miwili miwili. Wa mbele ukijikaza, wa nyuma hulegea.

"Boss, vuta vidole vya mguu vikuelekee," nikasema, nami nikamsaidia kuvuta.

Mama mmoja muuza ndizi kando ya barabara akapaza sauti, "Msichana, mahari umelipa?"

Uso ulinichoma, lakini mguu sikuuachilia. Ukalegea!

Ila kukanyaga pedali hakuweza, na basi lingeniacha. Nyinyi mngefanyaje?

Nilikunja sketi, nikaendesha mimi. Yeye akakaa nyuma.

Tulilikuta basi bado linapakia. Akaninong'oneza, "Dada, wenzangu wakijua nimebebwa, nimekwisha."

Tafadhali, mkiulizwa, semeni yeye ndiye aliyenibeba.