Weita Aliuliza Nani Hataki Ugali, Nikanyamaza

Nyinyi mnaomjazia mtu sahani bila kumuuliza, mlifundishwa adabu na nani? Na nyinyi mnaokaa hapo kando mkijua mama yenu ni mgonjwa, mnanyamaza, msicheke. Nyinyi ndio wabaya zaidi. Nimeanza na hayo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na mimi si mtu wa kulia kwa simu.

Admin wa hii page, ficha jina langu. Nina miaka sabini na moja, mjane, naishi Nakuru upande wa Free Area. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa yarukeni mwendelee. Ugonjwa wa sukari niko nao mwaka wa sita. Nesi wa kliniki aliniambia wazi, "Mama, punguza wanga. Ugali, chapati, viazi, mchele, hivyo ndivyo vinakumaliza." Nikatii. Nyumbani nakula mboga ya managu, mayai, avokado, kuku akipatikana. Kidonda cha kidole cha mguu kilichonitesa miezi minne kikafunga. Dada yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu, kwa hivyo asije mtu hapa kuniambia naringa.

Shida yangu ni hoteli. Kuna kijana anataka kumwoa mjukuu wangu, binti ya mwanangu wa kwanza. Zamani mambo ya ndoa tuliongelea nyumbani na chakula napika mwenyewe. Siku hizi wakwe wanakuita hotelini, wao ndio wenye meza, na wewe unakula ulichowekewa.

Mara ya kwanza ilikuwa hoteli moja karibu na Section 58. Kabla ya chakula mzee wao akauliza, vile wazee huuliza, "Kwenu kuna ugonjwa wa ukoo tujue mapema?" Nikafungua mdomo. Mwanangu akanipita mbio. "Hakuna, mzee. Huyu mama hajawahi kumeza hata dawa ya kichwa." Mtu aliyembeba huyo dada yangu mgongoni kumpeleka hospitali!

Mama ya kijana akafurahi. "Ndio maana shosho ana nguvu hivi! Lete sahani, mama." Akanipakulia mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa, kwa mkono wake, juu akalaza chapati mbili. Mkwe akikupakulia, hurudishi. Nikala yote. Nilipopima nyumbani, mashine ya sukari ikasoma ishirini na mbili, na nesi hataki ipite kumi, na macho yangu yakaona ukungu siku mbili nzima.

Nikamkalisha mwanangu. "Unataka kunizika?"

"Mama, wakijua watasema damu yetu ni mbaya, eti watoto watazaliwa na sukari. Vumilia mara mbili tatu tu."

"Vumilia wewe, na mguu uwe wako."

Mjukuu wangu naye akapiga magoti. "Shosho, nakuomba, usiniharibie." Nikamuuliza kama kijana mwenyewe anajua. Hajui.

Mara ya pili nikajifanya mjanja. Nilifika mapema kabla ya wengine, nikamwita weita, mama mtu mzima tu, nikamnong'onezea, "Mimi niletee mbuzi choma, kachumbari na sukuma nyingi. Ugali usiguse sahani yangu. Na usimwambie mtu." Akaitika vizuri kabisa. Watu wakaja, tukaomba, chakula kikaja. Huyo mama akasimama katikati yetu na sauti ya mnada: "Ni nani hapa alisema hataki ugali?"

Mzee wao akatuangalia mmoja mmoja. Mwanangu akanikanyaga chini ya meza. "Si sisi," akasema. "Labda ni meza ile ingine." Weita akaniangalia mimi. Na mimi, mwanamke ambaye hata chifu wetu huongea naye polepole, nikaangalia dari.

"Basi wamekosea jikoni," akasema. Sahani yangu ikarudi nikiiona, nyama yake, mboga yake, kila kitu nilichoagiza.

Mama ya kijana akacheka. "Nyama bila ugali! Huyo ana matanga ama nini? Shosho, ngoja nikukatie." Akanikatia kipande kama tofali, nikala. Ubaya ni kwamba ananipenda. Angekuwa mkorofi ningeshamjibu siku ya kwanza.

Sasa Jumamosi hii tunakutana tena, wazee wa pande zote mbili, ndiyo siku ya kumaliza maneno. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Nisipoenda, watasema tumewakataa. Nikienda nikala, kidole kile kimeanza kufa ganzi tena. Nikisema ukweli, mwanangu ni mwongo mbele ya wazee, na mtoto niliyemlea anaweza kuachwa. Kila mlango nikisukuma kuna mtu wangu amesimama nyuma yake.

Nishaurini, lakini kwa adabu. Msiniambie nifiche chakula kwa kitambaa, mimi si mwizi. Msiniambie niseme nimefunga, hilo nilijaribu aliponikatia ule ugali, na mama ya kijana akasema basi tuombe tufungue pamoja! Nataka kujua kitu kimoja. Nimwite mama ya kijana kando kabla hatujaketi nimwambie yeye peke yake, ama niseme mbele ya wote, kijana akisikia, ili msichana wangu asiolewe juu ya uongo? Kwa sababu kunyamaza nimekataa. Nilijikana mara moja kwa sababu ya ugali, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Na mke wa mwanangu, najua unasoma hii page kila asubuhi kabla ya kufua. Umeshajua ni mimi. Mpe mume wako simu asome mpaka mwisho. Aliyesema hakuna ugonjwa ni yeye, kwa hivyo wa kuwapigia wakwe ni yeye. Ana mpaka Ijumaa. Apige.