Mikebe Isiyo na Kitako

Jua linachomoza upande wa Kaptagat, na Wacera ameshakwenda barabarani na kurudi mara nyingi hata kuku wamechoka kumpisha. Anachuchumaa. Anagusa mkebe mmoja mweupe, anausogeza kidogo, anasimama. Anatazama njia inayotoka mjini. Hakuna mtu. Anachuchumaa tena.

Mbele ya chumba anachokodi hapa Munyaka, mjini Eldoret, umejipanga mstari wa mimea inayompita yeye kwa urefu. Kila shina limevaa duara juu ya duara la maua ya rangi ya chungwa, kama mwanamke aliyevaa bangili hadi begani. Nyuki weusi wakubwa wananguruma humo. Chini, kila mmea umesimama kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliopakwa chokaa.

Leo Ijumaa mzee wa mtaa, Eliakim, anakuja kukagua. Neno lake ndilo litakaloamua kama mimea hii itaiona kesho.

"Sikulala vizuri," anasema Wacera.

Ana umri wa miaka ishirini na miwili, na maneno yake hutoka moja moja kama maharagwe yanayochaguliwa kwenye ungo. Aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua, na tangu hapo ameishi kwa jembe.

Maua haya aliyatoa kwa mama yake, Burnt Forest, ambako yanajiotea kando ya mashamba ya viazi. Alibeba kisiki kimoja ndani ya gunia. Hayataki kumwagiwa maji, hayataki mbolea. Yakimaliza kuchanua hukatwa karibu na ardhi, na mvua zikirudi nayo hurudi.

"Yakishashika hayakudai kitu," anasema. "Ni kama mgeni anayekuja na chakula chake."

Hakuyaleta kwa urembo. Nyuma ya chumba ana mipasheni iliyotambaa juu ya waya. Miaka ya kwanza ilichanua ikapukutika bila tunda. Alijaribu kuyapaka maua yake chavua kwa unyoya wa kuku, moja baada ya jingine, mpaka majirani wakamuuliza kama anayatibu. Nyuki walipita juu kwa juu wakielekea kwingine. Alipopanda haya ya chungwa, wakateremka, wakatoboa nguzo ya lango na kuhamia humo. Siku hizi huchuma debe zima la matunda kwa juma na kuliuza sokoni. Debe hilo ndilo kodi ya chumba, na ndilo dawa za mama. Maua yakikatwa sasa, nyuki watahama, na debe litakwenda nao.

Jumatatu kulikuwa na baraza. Watu waliambiwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Nairobi atapita barabara hii Jumamosi akielekea jukwaani kuhutubia. Vichaka vyote vya kando ya njia vikatwe, na kila nyumba iwe na maua mbele. Wacera alirudi akitabasamu. Maua anayo.

Kesho yake Eliakim akapita na vijana wenye mafyekeo.

"Msichana, mbona umeacha kichaka hapa?"

"Ni maua, Mzee."

"Maua gani? Hii inaota kwa mitaro huko Burnt Forest. Mimi nimechunga ng'ombe ndani yake." Vijana wakacheka. "Maua ni ile iko kwa mkebe. Nikirudi Ijumaa nipate imekatwa, ama hawa watakukatia."

Kwa desturi ya Munyaka, mzee hakukosea. Hapa kinachoota ardhini ni mboga au ni magugu. Ua hutiwa mkebeni, likawekwa mlangoni, likanyweshwa maji yaliyooshea vyombo.

Aliyepata jibu ni jirani yake Rukia, ambaye mumewe Ibrahim ana hoteli ya chai.

"Hata kuku wangu anajitetea kuliko wewe," Rukia alimwambia. "Mzee anataka mkebe? Mpe mkebe. Jikoni kwangu imejaa mpaka sina pa kukanyaga."

Wacera akachimba mmea mmoja, akautia mkebeni. Kufikia jioni ulikuwa umelala kama mlevi, kwa kuwa mizizi yake imezoea kwenda mbali. Usiku huo aligeuka kitandani mpaka godoro likalalamika. Asubuhi akaenda kwa Murunga, fundi wa bati, akaazima mkasi. Akakata mikebe kitako, akaipasua ubavuni, kisha akaivisha mimea pale pale ilipo, mpasuko ukitazama nyumba. Halafu chokaa.

Sasa mzee anakuja, na vijana wake nyuma. Wacera anasimama, anafuta mikono kwenye leso ingawa haina kitu.

"Naam. Hii sasa ni maua," anasema Eliakim akitembea polepole, beji ya chama ikimetameta kwenye koti. "Unaona? Ni kusikia tu." Anasimama. "Hii moja ni nzuri sana. Nitapeleka kwa jukwaa, mgeni aione."

Kabla Wacera hajafungua mdomo, mzee ameinama, ameshika mkebe kwa mikono miwili na kuuvuta. Mkebe unapanuka na kutoka. Ua linabaki limesimama.

Eliakim anaugeuza mkebe. Anachungulia ndani yake na kuona viatu vyake. Kule mlangoni Rukia ameziba mdomo kwa pembe ya mtandio.

"Mzee, tubebe?" anauliza kijana mmoja kutoka nyuma, ambaye hakuona kitu.

Nyuki anatua karibu na beji, anazunguka, anaondoka.

"Hapana," anasema mzee. Anainama, anauvisha mmea mkebe wake, mpasuko upande wa nyumba, na kuushindilia udongo kwa kiatu. "Ni mzito. Acheni." Kisha, kwa sauti ya chini: "Msichana, usiruhusu mtu mwingine ainue."

"Ndiyo, Mzee."

Wanapopotea kwenye kona, Rukia anakuja akijifuta machozi. "Mzito! Na ameushika kama kofia."

Wacera anacheka kidogo, lakini hakai chini. "Mgeni atapita kesho, halafu itakuja amri nyingine," anasema. "Maua ya nyumba moja ni rahisi kukatwa. Nataka kila nyumba kutoka hapa mpaka mtoni iwe na shina, hata wakifyeka kwangu, nyuki wasihame. Na siku moja nipate kipande changu, nipande bila mkebe."

Anauchukua mkasi wa Murunga, anapakata mkebe mwingine na kuanza kuutoa kitako.

"Na huo ni wa nani?" anauliza Rukia.

"Wa Mzee Eliakim. Mkewe naye ana mipasheni isiyozaa." Anakunja bati, anapuliza vumbi. "Mmea ukiota mlangoni kwa Mzee, tuone nani atauita kichaka."