Enanga ya Ephrasia, Ndizi Zikiwa Motoni

Asubuhi yetu ya mwisho iliyokuwa kama nyingine zote, nilimenya ndizi kumi na mbili. Ephrasia, mke wangu, alikaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, miguu ameinyoosha, enanga mapajani. Mvua ilikuwa imekatika. Nilipanga ndizi juu ya maharage, nikatia maji, nikafunika kwa majani ya mgomba na kubana kingo. Nikamwambia, "Tayari." Akaanza kupiga.

Alipiga mpaka zilipoiva. Jani liliponukia, akaweka enanga pembeni, akanawa. Tukala. Akasema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi.

Hiyo ni Jumatatu. Jumatano alianguka kibanjani, kwenye mibuni. Ijumaa tulimzika hapo hapo, hapa kwetu Kamachumu.

Msibani watu walimsifu kwa mengi. Amelea watoto sita, amehudumia wagonjwa, hajawahi kugombana na jirani. Hilo la mwisho si kweli, lakini msiba ni msiba. Mimi nitasema habari ya enanga, maana niliishuhudia karibu kila siku kwa miaka minane.

Enanga ni ubao uliochimbwa katikati kama mtumbwi mdogo. Uzi mmoja unapitishwa huku na huku mara nane, unakazwa, unaupiga kwa vidole huku unaimba. Baba yake Ephrasia alikuwa mpigaji kule Izimbya, na hakuna harusi ya maana iliyofanyika bila yeye. Alipofariki, mrithi akawa Avit, mdogo wake Ephrasia. Avit hapigi. Enanga ikawekwa stoo.

Miaka minane iliyopita tulikwenda kuwasalimia, Ephrasia akaingia stoo kutafuta ungo. Akakuta kuku ametaga ndani ya enanga. Alimfukuza kuku, mayai akampa wifi yake, enanga akaifuta kwa kanga yake.

"Avit, hii naondoka nayo."

"Uende nayo wapi, dada? Kuna mtu wa hoteli Bukoba ameiomba. Ataitundika ukutani."

"Ukutani italiaje?"

"Na kwako italiaje? Una miaka sitini na moja. Mkono wako unajua jembe."

"Mkono unajua jembe kwa sababu nilipewa jembe."

Avit si mtu mbaya. Alifikiri kidogo. "Haya, chukua. Senene wa mwakani wakija, uje unipigie ule wimbo mrefu wa baba. Mwanzo mpaka mwisho, bila kukatika. Ukikatika, inakwenda hotelini."

Wifi yake alicheka. Ephrasia hakucheka. Njia nzima aliishika enanga kama mtoto mgonjwa.

Miezi mitatu ya kwanza ilipotea. Alisema atapiga jioni, kazi zikiisha. Kazi haziishi. Akikaa, baada ya mstari mmoja kichwa kinaangukia kwenye nyuzi. Akasema basi, Jumapili. Akitoka misa anapiga mpaka jua linazama, vidole vinatoka malengelenge. Jumatatu hagusi, Jumanne hagusi, mpaka Jumapili nyingine, na hapo ameshasahau, anaanza upya. Alianza kuogopa hata kuiangalia. Akaifunika kitenge.

Siku moja alikuwa amefunika sufuria, amekaa tu anaitazama. Ndizi zikishafunikwa huzifunui. Ukifunua, mvuke unatoka, zinakuwa ngumu. Unangoja.

Akaniuliza, "Baba Jovitha, huu muda ni wa nani?"

Nilidhani ananitania. Akaenda kuchukua enanga.

Lakini vidole vyake vilikuwa na utomvu wa ndizi alizotoka kumenya. Vilinata kwenye nyuzi. Kesho yake alijipaka mafuta kabla ya kumenya. Utomvu haukushika, ila sasa vidole viliteleza. Alijaribu majivu, alijaribu ndimu. Siku ya nne akatupa kisu chini.

Nikakiokota.

Mwanaume wa hapa kwetu hamenyi ndizi. Ndizi anaikata, anaibeba, anaila. Nilifunga mlango wa jiko kwanza. Ya kwanza niliimenya mpaka ikabaki kama kidole.

"Waitu, unatumenyea sisi au mbuzi?" Ephrasia akasema.

"Wewe piga."

"Napiga. Nimeuliza tu, nijue kama nitakula."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi namenya, yeye anapiga tangu ninapofunika mpaka zinapoiva. Zikiiva anaacha, hata kama yuko katikati ya neno. Siku moja alikuwa anapiga vizuri mno, nikamwambia aendelee, ndizi zitangoja.

"Hapana," akasema. "Nikiacha sasa, kesho najua pa kuanzia."

Mlango niliufunga wiki mbili. Halafu Kyaruzi, jirani yetu, alikuja kuazima panga, akausukuma bila hodi.

"Protase! Umeolewa lini?"

"Mwezi uliopita. Hukualikwa?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni ile kilabu kizima cha rubisi kilijua. Waliniita bibi arusi. Nilikunywa rubisi yangu. Kesho yake nikaacha mlango wazi, kwa sababu moshi ulikuwa unatuumiza macho. Kyaruzi akaja tena kuazima panga, na keshokutwa yake tena. Alikuwa na mapanga mawili kwake. Alikaa kwenye kigogo nje, anasikiliza, mpaka ndizi zinaiva, naye anakaribishwa. Hakuniita bibi arusi tena. Alianza kuleta maharage.

Siku hizi namenya ndizi nne. Zinatosha.

Wimbo uliingia polepole, mistari miwili kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Kulikuwa na mahali ambapo baba yake alirusha mkono kutoka uzi wa chini mpaka wa juu kabisa. Hapo Ephrasia alikwama. Oktoba ilipofika alishikwa na hofu. Akaanza kupika mara mbili, asubuhi na jioni, apate kupiga mara mbili. Tulikula ndizi mpaka Kyaruzi akauliza kama tuna wageni. Vidole vikavimba. Akapiga vibaya kuliko Agosti.

Siku ya tano nikakataa kumenya za jioni.

"Namenya mara moja," nilisema.

"Senene hawaningoji mimi, Protase."

"Namenya mara moja."

Aliponiita Protase nilijua amekasirika. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alikaa kwenye mkeka asubuhi, akangoja nifunike. Vidole vilikuwa vimenywea.

Senene walianguka Novemba. Tulipanda basi hadi Bukoba, kisha gari la Izimbya, enanga imefungwa kitenge. Avit alikuwa ameita majirani wawili, na mtu wa hoteli alikuwa amekuja na gari lake. Nilipoliona lile gari nilijisikia vibaya. Ephrasia alinawa mikono, akakaa chini, akakaza nyuzi.

Alipiga. Mimi nilitazama vidole tu. Alipofika mahali pale alirusha mkono, ukaangukia uzi usio wake. Kila mtu alisikia. Sauti yake haikusimama. Mkono ulirudi, ukaendelea, mpaka mwisho.

Avit aliuonyesha uzi ule kwa kidole.

"Umekosea," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini hukukatika."

"Sikukatika."

Akamgeukia mtu wa hoteli. "Mzee, samahani, hii ina mwenyewe." Yule mtu hakukasirika. Aliomba senene, akapewa sahani nzima.

"Wakola, dada," Avit akasema. Kwetu ndiyo asante. Halafu utani ukamrudia. "Lakini mwaka mzima, na bado ukakosea pale! Na kesho je?"

Ephrasia alikuwa anaifunga enanga kwenye kitenge. Hakuinua macho. Alisema hivi, naandika kama alivyosema:

"Leo nimekosea hapo. Kesho nitakosea mahali pengine."