Nilifuta Programu ya Zamani Siku Moja Kabla ya Défense

Ninyi mnaoniita "licencié, licencié" kila nikipita, eti mwenye digrii, leo nawaambia ukweli, na ruhusa ya kucheka mnayo, maana mimi mwenyewe nilianza kucheka juzi juzi tu, kabla ya hapo kila nikikumbuka nilikuwa nashika kichwa na kuguna peke yangu mpaka mke wangu anauliza kama naumwa. Mimi niliimbiwa, nikapigiwa vigelegele, nikamwagiwa poudre, ile ya watoto, kichwa mpaka viatu mbele ya uwanja mzima wa chuo, na saa hiyo nilikuwa sijapita kitu chochote. Hata swali moja nilikuwa sijajibu. Na yote yalitokana na kubonyeza mahali ambapo kwa miaka kumi na moja nilikuwa nakataa kubonyeza.

Bon. Mnajua kazi yangu ni ya état civil, kuandika watoto waliozaliwa na watu waliokufa, na masomo niliyarudia nikiwa tayari na watoto wanne na upara. Ordinateur yangu niliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, nzito, ukiipakata saa moja magoti yanapata moto, lakini ndani yake mlikuwa na ile programu ya zamani ya kuandikia na ya kutengeneza diapo (zile kurasa wanazoonyesha ukutani), ambayo unaiweka mara moja na disque yake, inakaa, haikuulizi jina, haitaki connexion, haijui hata kama internet iko duniani. Chini kwenye kona kilikuwa kinatokea kidirisha: kuna toleo jipya, kubali. Nasema hapana. Kesho yake tena: kubali. Hapana, asante. Tukazoeana hivyo, kama jirani anayekuomba chumvi kila jioni na unajua hana haja nayo.

Mémoire yangu yote, kile kitabu cha kumaliza chuo, kurasa themanini na mbili, niliiandika humo. Na kichwa chake (msicheke bado, mtacheka mbele) kilikuwa juu ya namna ya kuhifadhi faili za état civil ili mtu aweze kuzifungua hata baada ya miaka hamsini.

Sasa siku moja kabla ya défense, yaani kuitetea hiyo mémoire mbele ya jury ya maprofesa, saa tisa mchana, nikaenda kwa Dieumerci kumuonyesha diapo zangu. Dieumerci tulisoma naye darasa moja ijapokuwa ni wa umri wa mtoto wangu wa kwanza, kijana mzuri, lakini mdomo wake hauna likizo. Akatazama kurasa mbili tu akashika mdomo.

"Vieux Amisi, hii iko nini? Hii rangi ulitoa wapi? Jury itasema papa huyu alitoka Yahuma na pirogue, diapo kwenye kitunga!"

"Inafunguka," nikamwambia. "Shida iko wapi?"

"Kufunguka tu? Kesho iko jury, vieux, haiko mukutano ya mutaa. Leta mashine, mi naweka ya mupya, ma-dakika makumi mbili."

Siwezi kumlaumu Dieumerci, na leo nasema waziwazi: ni kiburi changu. Alinionyesha kwenye mashine yake jinsi jina la mtu linavyoingia ukutani likizunguka, linatua polepole katikati na kivuli chake, na mimi, baba mzima, nikaliona jina langu linazunguka vile mbele ya maprofesa na moyo ukalegea kabisa. Nikasema weka. Mashine ikauliza kama nakubali ya zamani ifutwe, maana mbili hazikai pamoja, nikasema ndiyo. Ikaleta masharti, maneno madogo madogo kama mchwa, kurasa na kurasa, nikashuka nayo mpaka chini bila kusoma neno, nikabonyeza nakubali (mimi, ambaye ofisini nawarudisha watu nyumbani kwa sababu wametia saini kitu wasichokisoma). Ikasema abonnement, unalipa kila mwezi, wa kwanza ni bure, tukafungua compte na connexion ya simu ya Dieumerci, na jina langu likazunguka. Nililizungusha mara sita.

Kesho yake nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, ordinateur nimeikumbatia kifuani, suti ya bluu, na wangu wote walikuwa wameshafika kabla yangu. Mke wangu, Mama Neema, na dada zake, wote wamevaa kikwembe kimoja cha njano. Na mama yangu mzazi, ambaye alivuka mto kutoka Lubunga asubuhi na jirani yake mwenye pirogue. Mama hakuwahi kukanyaga chuo. Alinizaa wa saba, sita wa mbele hakuna aliyemaliza masomo, na mwaka huo miguu ilikuwa imeanza kumkataa, ndiyo maana aliponiambia "mi nakuja kuona na macho yangu," niliogopa kuliko nilivyoiogopa jury. Ndani salle ilikuwa ndogo na imejaa wanafunzi, donc yeye na wengine wakabaki nje kwenye benchi za baraza, poudre ndani ya mikoba. Kwetu mtu akipita lazima awe mweupe, mnajua wenyewe.

Zamu yangu ikafika. Rais wa jury, profesa mmoja mwenye sauti ya chini, akasema, "Papa Amisi, tunakusikiliza." Nikaunganisha projecteur, nikabonyeza diapo zangu, na ukutani, badala ya jina langu kuzunguka, akatokea kijana na msichana weupe wa meno, wanacheka mbele ya ordinateur, wakubwa kama mlango, na chini yao maneno: ingia kwenye compte yako ili tuthibitishe abonnement.

Nikabonyeza funga. Wakarudi. Nikabonyeza baadaye. Baadaye haikukubali. Kule salle kuta ni nene za zamani, simu haipati rezo hata ukiibembeleza, na ile programu ilikuwa inataka kuongea na wakubwa wake kwanza ndipo inifungulie kazi niliyoitengeneza mimi na mikono yangu. Nikazima mashine, nikawasha. Tuliisubiri dakika nne, mimi na jury na wanafunzi wote, na wale wawili wakarudi wakicheka vilevile. Nyuma kule mtu mmoja akasema, "Hawa njo familia yake?" na salle ikapasuka. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilimtafuta Dieumerci kwa macho, nikamuona anasoma dari.

Profesa hakucheka. Akatazama saa yake akasema, "Ma-dakika kumi, papa. Toka nje utafute rezo, urudie." Dakika kumi. Nisipoonyesha kitu narudishwa session ya pili, miezi mingine mingapi sijui, na mama nje na miguu ile.

Nikatoka mbio na ordinateur wazi, simu nimeiweka juu ya clavier, pale penye herufi, iipe connexion. Barazani hakuna rezo. Nikashuka uwanjani, ikaja fimbo moja ya rezo kwenye simu, ikapotea. Nikainua mashine usawa wa kifua, ikaja fimbo mbili. Alors nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya: nikaiinua juu ya kichwa, mikono miwili yote, nikawa natembea nimeangalia mbinguni, nazunguka pole pole kutafuta upande ule wenye rezo.

Sasa jiwekeni kwenye benchi la baraza. Mtoto wenu ameingia kwenye défense, baada ya muda ametoka mbio na suti yake, uso umelowa, ameinua ordinateur juu ya kichwa kama timu inavyoinua kombe, anazunguka nayo. Ninyi mngefikiri nini?

Dada mkubwa wa mke wangu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Sikuwa hata nimegeuka. Wakanifikia wote pamoja, njano tupu, poudre ikanipiga usoni, ya pili masikioni, ya tatu mtu aliinua kola ya shati akanimwagia mgongoni. Nilifungua mdomo niseme "bado!" ikaingia mdomoni. Nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na wao walipoona machozi wakaimba zaidi. Wanafunzi waliokuwa wanapita, ambao hata hawanijui, wakaja kupiga makofi, mmoja akapiga picha. Ordinateur niliishusha imejaa unga mweupe, clavier haionekani, na wale wawili wa meno bado wanacheka chini ya poudre.

Na katikati ya kelele mama yangu akaja, pole pole, wakampisha. Alikuwa ameficha kikopo chake cha poudre ndani ya kitambaa. Akaninyunyizia kidogo tu juu ya upara, kama anatia chumvi kwenye chakula, akaushika uso wangu na mikono miwili.

"Amisi. Nimeona."

Niambieni, ninyi mngesema nini? Akatazama mawingu upande wa mto akasema mvua iko njiani, jirani yake wa pirogue anamngoja, "Mi navuka mbele ya mvua. Naenda kuwaambia." Akaondoka ameshikwa mkono na shemeji yangu, anasimama kila hatua tatu kumweleza mtu.

Mke wangu alikuwa haimbi. Miaka ishirini na nne tumeoana, uso wangu anausoma hata ukiwa mweupe. Akanivuta kando.

"Papa Neema. Umepita?"

"Hata sijaanza. Nilikuwa natafuta rezo."

Akaziba mdomo. Nilifikiri anacheka, lakini hakuwa anacheka. Nikamwambia nimkimbilie mama nimweleze kabla hajafika mtoni, na kweli nilishaanza kugeuka, akanikamata mkoti.

"Wacha aende na furaha yake. We rudia mule ndani uifanye ikuwe kweli."

Nikaingia. Niliacha alama nyeupe za viatu kutoka mlangoni mpaka mbele. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa Amisi, naona kule nje iko jury ingine, na ilimaliza kutoa points."

Hapo hata maprofesa walicheka, na mimi nilitamani sakafu ifunguke. Akaniuliza kwa upole kama nataka session ya pili, hakuna aibu, mashine ni mashine. Nikamuona mama akilini mwangu, yuko kwenye pirogue, anawaambia abiria, mmoja mmoja. Nikasema hapana, Professeur, naomba niongee hivi hivi. Nikafunga ordinateur (ikatoa wingu dogo), nikachukua mémoire yangu ya karatasi, nikaanza. Mwanzoni nilisoma tu kwenye karatasi, kisha nikawa naeleza ile kazi ninayoifanya kila siku, daftari zilizolowa, faili ambazo hakuna mashine inayozijua tena, mama anayekuja kutafuta cheti cha mtoto na hakipatikani, na nikasahau kuwa mimi ni mweupe.

Niliposhusha pumzi, profesa wa pili, yule aliyepewa kazi ya kuisoma mémoire yangu neno kwa neno, akafungua ukurasa aliouwekea kikaratasi.

"Mumeandika hapa," akasema, na akasoma polepole, sauti ya misa: "'Ofisi isibadilishe kamwe chombo chake cha kazi kabla ya kuhakikisha kwamba faili za jana zitafunguka kesho, bila kuomba ruhusa kwa mtu.' Iko sentensi yenu, papa?"

"Iko yangu, Professeur."

"Munaiamini?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri niliyoyakariri kwa maswali mengine yote. Nikasema, "Jana nilikuwa naiandika tu. Leo naiamini."

Walijifungia nusu saa kuamua. Nilipita na satisfaction, alama ya kupita tu. Distinction niliyokuwa nikiiota iliondoka na wale wawili wa meno, rais mwenyewe aliniambia, "Ungekuja na ile yako ya zamani tungeongea mengine." Nikatoka nje, mke wangu akanitazama, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hatukuimba. Tulikaa kwenye benchi, mvua ikaanza kupiga bati, na mimi nikalia vizuri, safari hii bila poudre mdomoni.

Kesho yake nikavuka Lubunga. Mama alikuwa amejaza uwanja, lituma ya ndizi na samaki, majirani, wapagazi wa gare, watu nisiowajua, na alikuwa amesimama katikati kwenye miguu ile ile inayomkataa, anawaonyesha: mikono miwili ameinua juu kabisa, anazunguka polepole, macho mbinguni. "Hivi! Alitoka hivi! Mi niliona na macho yangu!" Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Disque ya zamani niliipata chini ya kabati, programu yangu niliirudisha siku hiyo hiyo, na kidirisha kile cha kwenye kona kinaendelea kuniomba kila asubuhi. Nakiambia hapana, jina langu na lisizunguke tena maisha yangu yote. Ila mama bado sijamwambia. Kila mgeni akifika pale kwake anaanza upya kuinua ile mikono, na kila mara ananiuliza, mbele yao, "Sivyo, Amisi?" na mimi najibu, "Ni vile, mama."